Bima ya safari kwa mzazi mwenye presha au sukari: ugonjwa usifichwe

Maneno haya yalisemwa mbele ya wanachama huko Baraka. Yameandikwa upya kwa ajili ya jarida letu, ili yafike pia kwa wanachama na wafadhili walio mbali.

 Ninyi pia ndugu zetu mulio Marekani, Kanada, Ulaya na Australia mutasoma haya kwenye simu. Nusu ya maneno ya leo ni yenu, kwa sababu mara nyingi ninyi ndio munalipa.

Nimeombwa kusema juu ya bima ya safari, ile ambayo wengi hapa tunaita asiransi. Zamani neno hili halikuwa na kazi kwetu. Safari tulizojua zilikuwa mbili, ya kukimbia na ya kurudi. Wengi wenu mulivuka ziwa tangu 1996, mukakaa Nyarugusu au Lugufu, na kuanzia 2005 mukaanza kurudi kwa meli kutoka Kigoma. Hakuna aliyekuuliza kule bandarini kama bima yako inakubali presha.

Siku hizi iko safari ya tatu. Mtoto aliyetoka kambini akapelekwa kuishi Marekani au Kanada sasa ana kazi na ana karatasi. Anasema, "Mama, kuja uone wajukuu." Ni furaha kubwa. Lakini tuseme mama huyo ana miaka 66 na presha anayo tangu kambini. Mtoto ananunua bima kwenye intaneti usiku, amechoka na kazi. Linatokea swali: msafiri ana ugonjwa wowote? Anabonyeza "hapana". Pengine anaogopa bei ipande. Pengine hajui kabisa, juu mama hajawahi kumwambia.

Shida inaanzia hapo. Mama akianguka kule, kampuni itafungua karatasi zake za hospitali, itaona presha, na itasema: hatulipi. Pesa ya bima imekwenda, deni la hospitali linabaki kwa mtoto, na simu inapigwa hapa Baraka ili sisi tuchange. Kwa hiyo neno langu la leo ni moja: bima iliyonunuliwa kwa kuficha ugonjwa ni risiti tu, haitamlinda mtu siku ya shida.

Kwa nini bima inaogopa ugonjwa wa zamani

Muko munajua mchango wetu wa kilio. Kila mwezi kila mtu anatoa, na msiba ukimfika mmoja, kisanduku kinafunguliwa. Sasa fikirini mtu asiyetoa kitu mwaka mzima, halafu siku mgonjwa wake amelemewa anakimbia kujiandikisha. Tukikubali watu wa namna hiyo wakiwa wengi, kisanduku kitakauka. Ndiyo maana vyama vingi vinaweka muda wa kungoja.

Kampuni ya bima inafikiri vilevile. Inakubali kulipia jambo la ghafula, ambalo hakuna aliyelijua. Ugonjwa uliokuwepo kabla ya kununua inauweka pembeni, kisha inauliza: huyu ametulia, au yuko karibu kuanguka? Baada ya kuuliza, jibu linaweza kuwa moja kati ya manne. Inaukubali ugonjwa bila kuongeza pesa. Inaukubali kwa kuongeza pesa. Inauza bima lakini inaandika kwamba ugonjwa ule hauhesabiwi. Au inakataa kabisa. Majibu yote manne yana faida kwetu, juu tunayajua kabla ya ndege kuruka.

Musichanganye bima hii na mituweli ya afya ya hapa kwetu. Mituweli inapokea wagonjwa na wazima pamoja, lakini inalipa kwenye vituo ilivyopatana navyo. Kadi ya mituweli ya Fizi haitalipa kitanda cha Toronto.

Maneno matatu ya kutafuta ndani ya karatasi

Karatasi ya bima ni ndefu na herufi ni ndogo. Hakuna anayeisoma yote kwa furaha. Lakini yako maneno matatu ambayo mtu mwenye ugonjwa wa zamani lazima ayatafute.

La kwanza ni muda wa kuangalia nyuma. Kampuni inasema: tutatazama siku 60, 90, 180 au zaidi kabla ya bima kuanza. Ugonjwa ulioonekana, uliotibiwa au uliobadilishiwa dawa ndani ya siku hizo unahesabiwa kuwa wa zamani.

La pili ni utulivu. Bima nyingi za Kanada zinatumia neno hili. Mgonjwa "ametulia" kama katika siku zilizoandikwa hakulazwa, hakupata dalili mpya, hangoji kipimo, na dawa yake haikubadilika. Angalieni hapo kwenye dawa. Kuongezewa kidonge ni badiliko. Kwa kampuni nyingi hata kupunguziwa ni badiliko, ijapokuwa kwa akili yetu kupunguziwa ni habari njema. Mtu aliyebadilishiwa dawa ya presha mwezi mmoja kabla ya safari anaweza kuwa mzima kabisa machoni petu, lakini kwa karatasi ile hajatulia.

La tatu liko zaidi kwenye bima za wageni wanaokwenda Marekani. Wanaandika kwamba ugonjwa wa zamani hawaulipii, isipokuwa ukilipuka ghafula bila dalili, na mgonjwa akatafuta matibabu upesi, mara nyingi ndani ya saa 24. Hiyo haina maana ya kwamba presha imekubaliwa. Kumwona daktari kwa kawaida, kununua dawa, kupima sukari, hayo yote hayamo. Na msaada huo mdogo mara nyingi una mwisho wa umri. Kwa bima nyingi, ukifika miaka 70 unapungua au unaondolewa. Mtoto anayemnunulia baba wa miaka 72 asome mstari huo mara mbili.

Kila nchi na mlango wake

Kwa nchi za Ulaya zenye viza ya Schengen, kama Ubelgiji na Ufaransa, bima ni lazima. Sheria inataka iwe na uwezo wa kulipa si chini ya yuro 30,000, ifanye kazi katika nchi zote za Schengen kwa muda wote wa kukaa, na ilipie matibabu ya haraka, hospitali, na kurudishwa nyumbani kwa sababu ya ugonjwa au kifo. Lakini musidanganyike. Bima inaweza kutosha kwa ubalozi na bado isitoshe kwa mgonjwa. Ubalozi unaangalia kiwango na tarehe. Kama ndani yake imeandikwa kwamba magonjwa ya zamani hayalipwi, viza itapatikana na hatari itabaki palepale.

Kanada wana viza ya wazazi na mababu inayoitwa Super Visa, iliyoanza mwisho wa 2011. Hiyo inataka bima ya dola za Kanada 100,000 au zaidi, yenye muda wa mwaka mmoja au zaidi tangu siku ya kuingia, ikilipia matibabu, kulazwa na kurudishwa. Pia mzazi anapimwa na daktari aliyekubaliwa na serikali ya Kanada. Pale pia aseme kweli.

Marekani haimlazimishi mgeni wa matembezi kuwa na bima. Wengine wanasikia hivyo wanafurahi. Ni kweli kwamba sheria yao ya 1986 inalazimisha hospitali zenye chumba cha dharura kumpima mgonjwa na kumtuliza hata kama hana pesa. Lakini kumtuliza si bure, bili itakuja nyuma. Na siku chache za kulazwa kule zinaweza kula akiba ya familia ya miaka. Tena, bima za bei rahisi za wageni mara nyingi zinalipa kiasi kilichopangwa kwa kila jambo: kiasi hiki kwa kitanda, kiasi hiki kwa daktari. Kinachozidi ni chako. Musinunue kwa kuangalia bei peke yake.

Mtoto akisema, "Tutapanda meli ya matembezi"

Hili limeanza kuulizwa. Kule Florida iko desturi ya kupanda meli kubwa sana ya starehe, inayozunguka siku tano au saba hadi Bahamas au Mexico na kurudi. Wazee, musifikirie Liemba. Ile ni hoteli inayoelea. Mtoto anataka kumfurahisha mama, na ni haki yake.

Lakini kwa mama mwenye presha au sukari, meli ina mambo yake. Ndani yake yuko daktari na chumba kidogo cha matibabu. Daktari huyo halipiwi na tiketi. Kila kitu anachofanya kinaandikwa kwenye hesabu ya abiria, na abiria analipa kabla ya kushuka, kisha anaidai bima yake baadaye. Ugonjwa ukiwa mkubwa, meli haiwezi kuutibu. Mgonjwa anateremshwa bandari ya karibu, katika nchi nyingine, au anachukuliwa kwa helikopta au ndege. Kumhamisha mgonjwa hivyo kunaweza kufika makumi ya maelfu ya dola.

Kwa hiyo yako maswali manne kabla ya kulipa meli. Bima ya mgeni aliyonayo mama kwa ajili ya Marekani inaendelea kufanya kazi akiwa nje ya Marekani, baharini na bandarini? Zipo nyingi ambazo haziendelei, au zinakata siku na kiasi. Inalipia kuhamisha mgonjwa, na mpaka kiasi gani? Ugonjwa wa zamani umo katika kuhamishwa huko? Na viza ya mama inamruhusu kutoka na kuingia tena?

Ndugu mulio wakaaji wa kule, ninyi munaweza kununua bima ya safari ya meli yenye msamaha wa ugonjwa wa zamani. Kawaida sharti ni kuinunua mapema, mara nyingi ndani ya siku 14 hadi 21 tangu malipo ya kwanza ya safari, kuweka bima juu ya gharama yote ya safari, na kuwa na afya ya kusafiri siku ile unaponunua. Ukichelewa, msamaha unapotea. Lakini bima hizo zinauzwa kwa kufuata makao ya mnunuzi. Usimwingize mama ndani kana kwamba anakaa Ohio. Mtafutie bima ya wasio wakaaji.

Kazi yetu hapa: karatasi

Sasa narudi kwetu. Kusema kweli kunahitaji ushahidi, na ushahidi ni karatasi. Hapo sisi tuliorudi tuko na shida yetu wenyewe.

Kwanza, majina. Kambini uliandikwa kwa jina moja, kadi ya uchaguzi ina jina lingine, pasipoti ina la tatu. Tarehe ya kuzaliwa ni tarehe 1 Januari kwa sababu aliyeandika hakuwa na muda. Bima inafuata pasipoti. Kwa hiyo fishi ya kituo cha afya na ordonansi ziandikwe sawa na pasipoti, herufi kwa herufi. Kama ile ya zamani ina jina tofauti, daktari aandike kwenye raporo kwamba ni mtu mmoja.

Pili, raporo yenyewe. Mgonjwa aende hospitali kuu, aombe raporo fupi: ugonjwa gani, tangu lini, dawa gani na kiasi gani kwa siku, mara ya mwisho dawa ilibadilishwa lini, presha au sukari ilikuwa ngapi katika vipimo vya miezi ya karibuni. Dawa ziandikwe kwa jina lake lenyewe, kwa mfano amlodipine au metformin, si "kidonge cheupe cha asubuhi", wala jina la boksi ambalo kule halijulikani.

Tatu, vipimo. Mtu anayepimwa mara moja kwa mwaka hawezi kuonyesha kwamba ametulia. Anayepimwa kila mwezi na kuandikwa kwenye daftari anaweza. Wafadhili wetu munisikilize hapa. Mashine ya kupima presha na vijiti vya kupima sukari ni vitu vidogo kuliko deni moja la hospitali ya ng'ambo. Tena vinamsaidia hata yule ambaye hatapanda ndege kamwe, na hao ndio wengi wetu.

Nne, dawa za safari. Bima hailipi dawa za kila siku. Mgonjwa abebe za muda wote na akiba kidogo, ndani ya mfuko wa mkononi, pamoja na ordonansi.

Kwa ndugu munaojaza fomu

Kabla hujabonyeza kitu, mpigie mzazi simu. Usimuulize, "Mama, uko muzima?" Atajibu "niko muzima", ndiyo heshima yetu. Uliza hivi: unakunywa dawa gani kila siku? Tangu lini? Zilibadilishwa lini? Umelazwa lini? Iko kipimo unachongoja? Kisha omba picha ya raporo.

Halafu uiulize kampuni, na jibu liwe la maandishi: ugonjwa huu umo au haumo? Utulivu wa siku ngapi? Kiasi gani tunalipa wenyewe kwanza? Mwisho wa malipo ni kiasi gani? Kurudisha maiti kumo? Viza ikikataliwa, pesa inarudi? Lile jibu la maandishi litunze kama unavyotunza pasipoti.

Ugonjwa ukitokea kule, piga namba ya dharura ya bima kabla ya matibabu kama inawezekana, au upesi baada yake. Bima nyingi zinapunguza malipo kama hazikuarifiwa. Lakini mtu akianguka, kwanza ambulansi. Namba ya bima ifuate.

Maswali ya wanachama

Mama mmoja aliuliza: "Mimi niko na presha, lakini mutoto wangu hajue. Nikimwambia ataogopa, ataacha kuniita. Nifanye je?"

Mama, mtoto akijua leo, ataongeza pesa kidogo au ataahirisha safari miezi mitatu. Akijua siku umelazwa kule, atabeba deni na majuto. Kama ni ugonjwa ambao ni vigumu kumtajia mtoto, na yako magonjwa ya namna hiyo, muuguzi anaweza kukusaidia kuandika raporo. Chagua mtu mmoja unayemwamini, ndugu au mkwe, yeye ndiye ashughulikie fomu. Siri yako inaweza kulindwa. Fomu ndiyo isidanganywe.

Mzee mmoja akasema: "Dokta alinibadilishia dawa mwezi uliopita. Basi nirudie ile ya zamani, ili asiransi ikubali?"

Hapana, mzee. Dawa inafuata mwili wako, haifuati bima. Kunywa ile mpya, hesabu siku za utulivu tangu siku ilipobadilishwa, na safari isogezwe. Wajukuu watangoja.

Swali lingine: "Je, si afazali mutu asipime kabisa, ili aseme kweli kwamba hajui?"

Wengi walicheka, lakini swali ni zito. Bima nyingi zinahesabu pia dalili. Kama kichwa kinauma kila siku, macho yanaona giza, na mtu mwenye busara angekwenda kwa daktari, watasema ugonjwa ulikuwepo hata kama hakuna aliyeupa jina. Tena presha isiyojulikana inaua bila kuuliza karatasi.

Swali la mwisho: "Hapa Kongo hakuna kampuni zinazouza?"

Zipo. Zamani kampuni ya serikali, SONAS, ilikuwa peke yake. Sheria ya bima ya 2015 ilifungua soko, na tangu 2019 kampuni za watu binafsi zimepewa ruhusa na ARCA, ofisi inayosimamia bima. Mtu akikuuzia bima, muulize ruhusa ya ARCA. Kisha uulize ubalozi kama unaikubali kampuni hiyo. Kwa Super Visa ya Kanada, kampuni lazima iwe ya Kanada au ya nje iliyokubaliwa na msimamizi wao. Hapo ni vizuri zaidi mtoto anunue kule.

Ombi langu kwa komite ni hili. Kabla chama hakijatoa barua ya kumsindikiza mwanachama safarini, tuone raporo ya daktari na tuone jibu la bima la maandishi. Tufanye hivyo kwa wote, mwenye cheo na asiye na cheo. Mchango wetu ni mdogo na ni wa kilio na mavuno. Usiende kulipa deni ambalo neno moja la kweli lingelizuia.

Wenye safari mwaka huu, kuanzia sasa mulete pasipoti, fishi na ordonansi zenu ofisini, tuzilinganishe majina.